Ukanda wa Jasi Chumbani kwa Mama

Nyumba ya Mizani,
Wendelrode.
14 Novemba 1998

Mpendwa kaka Ansgar,

Pokea salamu kutoka kwetu kwenye baridi, hadi huko Chile ambako nasikia maua ndiyo kwanza yanachanua. Hujambo? Wifi Ximena hajambo? Mgongo wako umepata nafuu? Sisi tu wazima wa mwili. Mama anakula vizuri. Nyonga zinamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake bado una makali yale yale.

Ila mimi naogopa, kaka. Barua hii nimeianza mara tatu na mara tatu nimeichana.

Ni nyumba. Unakumbuka Baba alivyotufundisha kuisoma? Kila boriti ya mwaloni ina namba yake ya Kirumi, waliyoichonga maseremala mwaka 1587 ili siku ya kusimamisha fremu kila mti umpate mwenzake, kwa vigingi tu, bila msumari. Upande wa kichochoro zinaanzia moja hadi kumi na nne. Mwezi uliopita fundi Lüdecke alibandua saruji upande huo, nikaziona tena kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Moja hadi kumi na tatu ziko safi. Ya kumi na nne ni nguzo ya pembeni. Nilitia kidole kikazama chote.

Fundi akaniuliza nani alipiga saruji juu ya udongo na fito. Nikasema ni Baba, kiangazi cha 1969, kama nusu ya mji walivyofanya ili nyumba zao zionekane za kisasa. Wewe sikukutaja. Akanieleza kwamba udongo hunywa mvua kisha ukaitema, lakini saruji huifungia ndani, na mti ukawa unaoza miaka yote ile tuliyousifu ukuta kwa kung'aa. "Vita na moto havikuiweza," akasema, "nyinyi mmeimaliza kwa mifuko sita." Juu ya mlango bado yapo yale maneno ya kumwomba Mungu ailinde na moto na maadui. Walioyachonga hawakufikiria kututaja sisi.

Nguzo hiyo ndiyo inayobeba chumba cha Mama, kile kilichojitokeza juu ya kichochoro. Fundi ameegemeza magogo mawili, lakini anasema theluji nzito ikilalia paa hatoi ahadi. Kisha akapaka ukanda wa jasi juu ya ufa wa chumbani na kuandika tarehe kwa penseli. Jasi haivutiki. Nyumba ikisogea hata kidogo, inapasuka. Nilimuuliza kama Mama ahame mapema, akanijibu, "Angekuwa mama mkwe wangu ningesema abaki. Mama yako mtoe."

Mama akakataa. Akaapa mbele ya fundi kwamba siku ukanda utakapopasuka, ndipo atakapohama.

Wiki tatu ukanda ukawa mzima, nikaanza kupumua. Lakini mlango wa chumba chake ukawa haufungi tena, na kikombe cha kahawa kikateleza mezani chenyewe mbele ya macho yangu. Jumanne nikapanda kitini kuutazama ule ukanda kwa karibu. Tarehe ilikuwa ile ile, ila mwandiko haukuwa wa fundi. Ulikuwa wa Mama, ule wa shule za zamani wenye kona kona. Mfuko wa jasi niliukuta nyuma ya mitungi ya kabichi chachu. Kumbe kila ukanda ulipopasuka, alipanda kiti na nyonga zake zile, akapaka mwingine.

Nilimfokea, na hadi sasa najuta. Alikaa kitandani akikunja na kukunjua aproni, kisha akasema, "Usimwandikie Ansgar. Ukuta ule aliupiga saruji kwa mikono yake, akiwa na miaka kumi na tisa, na ni siku ile tu baba yenu aliwahi kumsifu. Nikihama, atauliza kwa nini."

Ndiyo maana nakuandikia. Ningekupigia, lakini simu iko ukumbini naye husikia kila neno, na nikisema kweli, naogopa kukusikia umenyamaza. Hukukosa, kaka. Ulikuwa kijana unayemtii baba yake, na hakuna aliyejua. Lakini Mama mimi hanisikii. Ukipata barua hii usingoje Jumapili, mpigie siku hiyo hiyo. Mwambie unajua yote, kisha umwombe ahamie chumba cha nyuma, upande wa bustani, ambako mbao ni nzima.

Fanya haraka. Jasi yote nimeitupa. Leo asubuhi nimemkuta jikoni akikoroga unga wa ngano kwa maji, penseli ikiwa mfukoni mwa aproni.

Nisalimie wifi Ximena, na wapwa zangu Matías na Inés. Shangazi yetu Irmtraud anawakumbuka nyote. Mungu awalinde chini ya paa lenu, na sisi atuvumilie chini ya hili letu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye daima,
Roswitha