Wajukuu Wataongea Lugha Gani

Eagan, Minnesota

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Na yule ng'ombe mkorofi, ameshazaa? Mimi mzima kabisa, nacheka peke yangu kama mwehu, na sababu ninayo.

Mama yake Adilson amefika! Adilson huyu huyu mchumba wangu, tuliyekutana naye maabara, ambaye ulisema jina lake linakukwama kooni. Mama yake alikuwa ameapa kwamba hatoi baraka mpaka anione kwa macho yake. Basi majira yote ya baridi nilihangaika na Kireno, maana kwao, visiwa vya Sao Tome na Prinsipe, ndicho kinachosomeshwa shuleni.

Mlango ulipofunguliwa, Kireno chote kikanitoka. Nikafanya ulichonilea nacho: nikapiga magoti kumwamkia. Weee! "Ameanguka! Mshike!" Alidhani nimeteleza kwenye theluji. Akaninyanyua kwa kunishika makwapani, akaanza kunipapasa miguu, na Adilson amejishika mbavu kwa kicheko. Alipoelezwa kwamba sisi Wasukuma ndivyo tunavyomwamkia mkubwa, akanishika mashavu akanitazama sana.

Mezani akauliza, Adilson akitafsiri: "Watoto wenu wataongea lugha gani?"

Ndilo swali lako, mama, lile ulilolilia kwenye simu, ukisema utaongea na wajukuu kwa ishara. Mama mwenzako huyu anatoka Prinsipe, kisiwa kidogo chenye lugha yake, lung'ie, na wanaoijua sasa ni wazee wachache tu, yeye akiwemo. Hata Adilson haijui, alilelewa kwa Kireno.

Nikasema, "Kwako wataongea lung'ie. Kwa mama yangu, Kisukuma. Kiingereza watakiokota wenyewe barabarani."

Akapiga meza kwa kiganja. "Huyu ni wangu!"

Sasa ananifundisha lung'ie tukimenya ndizi, na Adilson naye amevuta kiti. Jumapili Adilson atakupigia akuamkie kwa Kisukuma, "Mwadila mayu." Ameikariri wiki nzima hata akiendesha gari. Usimcheke sana.

Nisalimie baba, na shangazi atakayepokea barua ya posa, na mdogo wangu anayekuchotea maji.

Mama, baraka za huku nimezipata, zimebaki zako. Kama umemkubali Adilson, usihangaike kutafuta maneno ya kumjibu. Piga kigelegele tu. Mama mkwe atakuwa amekaa kando ya simu anasikiliza.

Mwanao akupendaye,
Minza