Bata Mzinga Uliyetuachia

Papa Murielle,

Mwaka mzima umepita sasa, Firmin Kabange, tangu Jumatano ile ya Novemba ulipoanguka getini kwetu hapa La Rochelle, kusini ya jiji, mfuko mtupu wa sokoni ukiwa mkononi, ukapelekwa hospitali na hukurudi tena. Watoto wamenikabidhi mimi mkeo niandike kumbukumbu hii ya gazetini, kwa sababu Murielle akianza tu analia, na Gaël Kiswahili chake unakijua mwenyewe. Utanivumilia. Ulinivumilia kwa mengi.

Ulikuwa mpishi, na kila aliyekula kwako anajua ni mpishi wa namna gani. Miaka yako mizuri uliipikia ile familia ya Wamarekani huko kaskazini ya jiji, kwenye nyumba zenye ukuta mrefu. Mwaka wako wa kwanza kwao, ulirudi nyumbani ukiwa umechoka na macho yanacheka, ukatusimulia jinsi watu wazima walivyoketi kumzunguka bata mzinga mmoja mkubwa, na kabla ya kula kila mtu akataja jambo moja analolishukuru. Tukakuuliza sababu. Ukasema wazee wao walifika nchi ya ugeni, baridi na njaa vikawapiga, wakapona, basi wajukuu wanashukuru mpaka leo. Halafu ukavua viatu, ukasema, "Na sisi tulifika, ao hapana?"

Kweli tulifika. Nawe ulifika kabla yetu, mwezi huohuo wa Novemba, umetoka Kalemie kwa mabasi na malori, miguu imevimba, hujui mtu hata mmoja katika jiji hili. Basi sikukuu ya watu wengine ikawa yetu. Wenzetu wa kanisani walikucheka. Wakasema action de grâce, ibada ya shukrani, inafanywa Jumapili mbele ya mchungaji, haifanywi Alhamisi mbele ya dindon, bata mzinga. Uliwajibu kwamba Alhamisi Mungu hana foleni, na waliocheka ndio waliokuja na sahani.

Wamarekani walipoondoka walikuachia ile sinia ya kuokea, kubwa kupita kiasi, na oveni yetu ikawa haifungiki mpaka mlango uusukume kwa goti. Ulikataa kununua ndogo. Kila mwaka nililalamika, na kila mwaka ulisukuma kwa goti.

Tunaukumbuka utaratibu wako, maana ulitutesa nao. Ndege alilazwa usiku kucha ndani ya ndoo ya maji ya chumvi na sukari, pamoja na pilipili manga na maganda ya machungwa, kwenye friji uliyoitoa rafu zake zote, huku maziwa na mboga vikihamia kwa jirani. Kesho yake ulimkausha kwa kitambaa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, ukampaka siagi, ukamjaza mkate uliokatwakatwa na vitunguu. Viazi vitamu vilikuwa vyako, viazi vya kuponda vya Murielle, na kwa maharagwe mabichi hukumwamini mtu yeyote. Mimi uliniachia sombe, majani yetu ya muhogo. Ulisema Wamarekani hawajui wanachokosa.

Na kulikuwa na mambo ya Luqman. Jirani yetu huyu wa Tanga, mwenye spaza, kile kiduka cha kona, hakukosa hata mwaka mmoja, yeye na mkewe Zuhura. Kwa ajili yao ulitafuta ndege wa halali hata kama ilibidi uzunguke jiji. Mchuzi mzito wa kumwagia nyama ulitaka divai ndani yake, kwa hiyo ulipika michuzi miwili, mmoja wa divai na mwingine kwenye sufuria ndogo ambayo kijiko cha divai hakikuruhusiwa hata kuikaribia. Chupa yenyewe, nyekundu ya huku Cape, uliifungua mapema ipate hewa na kuiweka upande wetu wa meza, mbali na sahani zao. Hukuwahi kuwaeleza lolote kuhusu hilo. Luqman ndiye aliyetuambia kwenye matanga kwamba alikuwa anaona.

Kabla ya kula ulituzungusha. Kila mtu aseme jambo moja, kwa Kiswahili, hata kama ni dogo. Gaël, aliyezaliwa hapa, alijikunyata kwenye kiti na kusema anashukuru kwa chakula, mwaka baada ya mwaka, maana hayo ndiyo maneno aliyoyaweza. Ulikuwa unamngojea hadi amalize, hata nyama ikipoa. Mwisho ulisema wewe, na ulikuwa na mengi mpaka tukakuomba ukae.

Ndiyo maana mwaka jana ulituumiza.

Ile nyumba ya wageni uliyokuwa ukipikia baada ya Wamarekani ilikuwa imefungwa tangu miezi ya baridi. Ulikuwa unashinda nyumbani, unanyoosha vitu ambavyo havijapinda. Ndege ulikuwa umekwisha mnunua, tena yuko friji anayeyuka barafu, na mimi nilidhani moyo umeanza kukurudi. Jumanne jioni tukiwa mezani, mimi na wewe na Gaël, nikakuuliza nilete machungwa. Hukuinua kichwa.

"Mwaka huu sina kitu ya kushukuru, Mama Murielle," ulisema. "Uache tu ile nyama."

Asubuhi nilitoka mapema kwenda saluni Hillbrow, nikakuacha umelala umegeukia ukuta. Nilikuwa nimeshika nywele za mteja pale Luqman aliponipigia simu. Niliyemkuta hospitali hakuweza kunijibu.

Basi tukabaki na maneno hayo. Kwenye matanga watu walisimama mmoja mmoja kusema Firmin alikuwa mtu wa shukrani, na mimi nimekaa kwenye mkeka nikisikia jambo lingine. Gaël naye alisikia. Nilimwona akitoka nje kila aliposimama mtu kukusifu. Hatukumwambia mtu, hata Murielle tulichelewa kumwambia. Kifo cha mtu kinauma, lakini tulichoogopa sisi ni kwamba uliondoka umekwisha kutukatia tamaa, kwamba nyumba hii yote, safari yote ile, uliitazama siku ile ukaona si kitu. Nimeamka na jambo hilo kila asubuhi mwaka huu wote.

Ndege wako hakupikwa. Siku ile ile uliyoanguka, nyumba ikijaa watu, Zuhura aliingia jikoni akaishika kazi kama dada wa kuzaliwa. Alimtoa ndege kwenye friji, akamwosha, akamfunga kwa mifuko, akamweka chini kabisa ya friza. Hapo amekaa mwaka. Umeme ulipokatika niliifunika friza kwa blanketi. Dada yako Jocelyne alipiga simu kutoka Kalemie akasema tutupe nyama hiyo, tunajitia ugonjwa. Nilimwambia nimesikia. Sikutupa, wala sikuweza kumgusa. Nilipofungua kuchukua samaki niliangalia pembeni.

Lakini mwezi huu nahama. Nyumba ni kubwa kwangu na Gaël peke yetu, na Murielle ametupa nafasi kwenye fleti yake huko Doornfontein, juu ya karakana anakoshona. Huko friza haiingii hata mlangoni. Nilikaa jikoni siku nzima nikiitazama. Murielle akaja, akakaa karibu yangu.

"Mama, tupike," alisema. "Papa hakumuleta huyu dindon juu ya kumutupa."

Tukapika. Nakuambia ukweli, haikuwa furaha. Murielle alitoa rafu za friji, akapima chumvi na sukari kama ulivyomfundisha, akamenya machungwa, akamlaza ndege kwenye ndoo ile ile. Kesho yake alimkausha kwa kitambaa, na mlango wa oveni aliusukuma kwa goti. Sufuria ndogo ya Luqman aliipika mbali na chupa. Gaël alifungua divai akavunja kizibo, vipande vikaelea ndani, tukachuja kwa chujio la chai. Nusu ya vyombo ilikuwa imeshafungwa kwenye maboksi, tukala pamoja na Luqman na Zuhura kwa vijiko visivyofanana, na kiti chako hakikukaliwa na mtu.

Sikuzungusha shukrani. Niliogopa. Niliomba sala fupi, nikasema amina kabla mtu hajapata nafasi, na Gaël akanitazama kama mtu aliyesamehewa deni. Yeye ndiye aliyekata nyama. Alikata vibaya, lakini alikata.

Tukaanza kula.

Nyama ilikuwa chumvi, Papa Murielle. Si chumvi ya kuzidi kidogo. Luqman, mtu wa adabu, alitafuna akameza akasifia viazi. Mimi nilikunywa maji. Gaël ndiye aliyeshindwa.

"Eish, Mama," alisema taratibu. "Hii iko na chumvi mingi."

Murielle aliweka kijiko chini. Akasema alipima sawasawa, hakuongeza hata chembe, na sauti yake ilikuwa inapasuka. Nilitaka kumwambia si kitu. Ndipo nikaona Zuhura ameacha kula, mkono wake uko hewani.

"Murielle, mwanangu, jana ulimtia chumvi?"

"Ndiyo, Tantine. Kwa ndoo, kama Papa."

"Basi ametiwa mara mbili," alisema Zuhura.

Akatueleza polepole, huku anatazama sahani yake. Siku ya msiba alipofungua friji alimkuta ndege ndani ya ndoo ya maji. Alidhani anayeyushwa barafu tu. Lakini maji yalikuwa machafu, maganda ya machungwa yanaelea, punje nyeusi zimekaa chini, na akafikiri kuna mtu amemwaga taka za jikoni juu ya nyama. Nyumba ya msiba haisemwi. Hakutaka nionekane mbele ya wageni kuwa mwanamke asiyejua usafi. Kwa hiyo alimwaga yote, akarudisha rafu alizozikuta nje, akamsugua ndege kwa ndimu kama tunavyofanya nyama yoyote, akamfunga, akafunga na mdomo wake. Miaka yote wao walikuja kula tu, hajawahi kuona ndoo yako ikiandaliwa.

"Nilikusitiri, Mama Murielle," alisema. "Kumbe nilimwaga kazi ya shemeji."

Nikamwomba arudie kuhusu maganda. Akarudia. Nikamuuliza kama ana hakika ni ya machungwa. Akasema harufu yake ilimbaki mikononi mpaka usiku.

Jumanne jioni hapakuwa na chungwa hata moja katika nyumba hii. Mimi ndiye niliyekuuliza nilete, nawe ukakataa. Luqman akaweka mkono kifuani, akasema ndiyo, Jumatano ile duka likifunguliwa tu ulikuja kuchukua machungwa, ukaondoka, na yeye hakuona neno kwa mtu kununua machungwa. Baadaye alikuona tena unatoka getini na mfuko, ndipo ukaanguka.

Sote tulidhani ulikuwa unatembeatembea tu kwa sababu kazi hakuna. Mfuko ule, Papa Murielle, ulikuwa unakwenda nao sokoni kutafuta viazi vyako vitamu.

Uliamka. Mimi nikiwa kwenye taksi naelekea Hillbrow na maneno yako ya Jumanne kichwani, wewe uliamka ukavuka barabara kununua machungwa, ukatoa rafu, ukapima chumvi. Mtu hatii chumvi nyama asiyokusudia kuipika. Ulikuwa umebadilisha nia, na hukupata mtu wa kumwambia, maana nyumba ilikuwa tupu. Nililia mbele ya watu, na sikujifunika uso. Murielle alinishika mabega. Hasira niliyokuwa nayo kwako mwaka mzima sikuijua ni kubwa hivyo mpaka iliponitoka.

Gaël alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Alitazama kiti chako, akatafuta maneno, na tukamngojea amalize kama wewe ulivyokuwa ukimngojea.

"Papa," alisema, "aksanti sababu ya hii chumvi."

Akakaa, akala. Tukala wote, chumvi yako na ya Murielle haikutengana. Mifupa nimeichemsha supu, nayo ina chumvi, na tumeigawa kwa majirani bila kuwaeleza. Kesho wanakuja kuchukua friza. Sinia ninahama nayo, hata kama oveni ya Doornfontein haitaimeza.

Hujarudi, na nyumba mpya hutaijua. Hilo halijapona na sidhani litapona. Ila kile kingine kimeniondoka, nami nimekiandika hapa gazetini ili wale waliosimama kwenye matanga wajue kwamba walisema kweli.

Unakumbukwa na mimi mkeo Angélique. Watoto wako Murielle na Gaël. Dada yako Jocelyne na ukoo mzima wa Kabange huko Kalemie. Na majirani zako Luqman na Zuhura, ambao sufuria yao ndogo ipo.

Lala salama, Papa Murielle. Kila mkono wetu utakapoingia kwenye chumvi, tutakukumbuka daima.