Idd Mbili Katika Nyumba Moja

Jumatatu, 26 Ramadhani

Magimbi yameungua tena. Futari ikawa uji na tende, basi. Baba mkwe alikunywa nusu kikombe, akasifia. Najua anaona sisi Warundi hatujui kupika. Shabani alifuturu chumbani kwetu, peke yake. Tangu Idd ya mwaka jana mume wangu na baba yake hawajala sinia moja. Shabani alisali Idd mwezi ulipotangazwa Makka, mzee akangoja uonekane hapa nchini. Wakatupiana maneno mazito. Kwetu Bujumbura nimeona misikiti ikivutana kwa ajili ya mwezi. Baba na mwana chini ya bati moja, sijawahi.

Jumanne, 27 Ramadhani

Baba ana kisukari. Daktari amemkataza kufunga, sheikh naye amemkataza. Hasikii la mtu. Leo mikono ilimtetemeka hadi akashindwa kufunga vifungo vya koti. Namwogopea. Mwaka mzima wa kwanza aliniita mgeni, sasa ananiita mwanangu, na mimi huku Lushoto sina baba mwingine.

Nimembana Shabani. Mwaka huu ungoje mwezi wa baba yako. Siku moja tu. Mwishowe akakubali. Nimelia kwa furaha.

Jumatano, 28 Ramadhani

Sikuweza kujizuia. Nimemwambia baba kwamba mwanawe atakula naye Idd. Baadaye nikamsikia akimpigia kelele jirani kwa Kishambaa, ng'ambo ya shamba la kabichi. Mama Hadija, jirani mwenyewe, alikuja kunitafsiria huku anacheka: mzee anataka jogoo mkubwa kuliko wote, mtoto wake anakula nyumbani.

Alhamisi, 29 Ramadhani

Ukungu. Hata mgomba wa uani hauonekani, sembuse mwezi. Redio imesema haukuonekana popote nchini, kesho tunakamilisha thelathini. Simu ya Shabani imesema Makka kesho ni Idd.

Alikaa kitandani akiitazama simu. Kisha: "Mariamu, kufunga siku ya Idd ni haramu. Siwezi kumridhisha baba nikamuudhi Mungu."

Nilimkumbusha ahadi. Nilimkumbusha jogoo. Akageukia ukutani. Nimemchukia. Naandika hivyo hivyo.

Ijumaa. Kwa baba, 30 Ramadhani. Kwa Shabani, Idd Mosi

Mimi nilifunga na baba.

Shabani alirudi kutoka kuswali mjini, kanzu mpya, akasimama mlangoni. "Shikamoo baba. Idd mubarak."

"Marahaba. Idd yangu kesho."

Shabani akaenda kukaa kwenye ngazi ya nyuma, hakula wala hakuondoka.

Alasiri baba alianza kutoka jasho, na baridi yote hii. Nikakoroga maji ya sukari. Nikamsihi, baba, wewe ni mgonjwa, una ruhusa. Akafumba mdomo kama mtoto. Kisha akasema, "Nikinywa leo, atasema ameshinda." Baada ya hapo ilikuwa Kishambaa tu, sikuelewa. Nilimwita Shabani. Alimwinua kichwa, akamwekea kikombe mdomoni, maji yakamwagikia kanzu. Alikuwa akimwomba. Sijawahi kumsikia akimwomba baba yake kitu.

Gari la kwenda hospitali lilifika wakati hahitaji tena. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Hakuna aliyefuturu.

Jumamosi, Idd Mosi

Aliswaliwa mara baada ya swala ya Idd, uwanjani hapo hapo. Wanaume wakalibeba jeneza mlimani wakiwa na nguo zao mpya, matope hadi magotini. Watu hawakujua wanipe pole au Idd njema. Wengine walinipa vyote viwili. Wanawake walileta pilau. Haikuliwa.

Nina hasira. Na mzee, na mume wangu, na mimi niliyepeleka habari za ahadi isiyokuwa yangu. Kwenye suala la mwezi, kila mmoja wao alikuwa na sheikh wake wa kumwunga mkono. Sioni wa kumlaumu peke yake, na hilo ndilo linaloniumiza.

Jumatano, 5 Shawwal

Mvua tangu asubuhi. Waombolezaji wameondoka, mkeka wa mwisho umerudishwa msikitini. Shabani amefunga leo. Majirani wanamsifu, msiba huu na bado ameanza funga sita za sunna za Shawwal.

Mchana nilimkuta kwenye kitanda cha baba yake. Nikamuuliza ametia nia ya sita?

"Hapana," akasema. "Nalipa ile ya Ijumaa."

Nikaenda kumenya viazi.