Mtori chini ya dirisha

Mama Stella, hebu nisikilize. Ule mtori wa ndizi na siagi ninaompikia mwanangu Kindness tangu ajifungue, kumbe anaumwaga dirishani! Leo nimekuta kuku wanaugombania migombani.

Nikamwambia, we mtoto, unataka kuniulia mjukuu? Maziwa yako yamekauka, mtoto analia tu!

Akanijibu, "Mama, yule mgeni aliyekuja kanisani kufundisha afya nikiwa mjamzito alisema wanawake wanene ni mzigo kwa taifa. Watu wote wakageuka kuniangalia."

Mzigo kwa taifa! Na mimba kubwa vile!

Nimekaa naye hapo hapo mpaka ale. Kala vijiko viwili, huku analia.

Sasa Stella wako naye kajifungua juzi tu, na siku ile kanisani walikaa benchi moja. Usimwachie bakuli la mtori ukaondoka. Nenda sasa hivi ukaangalie nyuma ya nyumba, chini ya dirisha lake.