Mahindi ya Mama Mkwe Yametia Doa Mahindi ya Mume Wangu

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla nyumba haijawaka moto, mama mkwe wangu kabla hajafumba macho aliniachia mbegu za mahindi mekundu, ya njano na meusi tii, akasema mwanangu hizi zisiishie mikononi mwako, basi kila msimu nazipanda nyuma ya jiko, uji wake watoto wanagombania mpaka ukoko, na mwaka ule jua lilipotukaanga mahindi meupe ya mume wangu yalinyauka lakini haya mekundu yakabeba, sasa msimu huu mvua ilichelewa nikapanda siku moja na yeye, ubavuni kabisa mwa shamba lake la mahindi ya kuuza, tulipomenya tukakuta mahindi yake yana madoadoa, mwenye mashine ya kusaga anayenunua kwetu akayakataa, mume wangu kanuna hasemi na mtu, ameapa Jumamosi mbegu zote zinasagwa chakula cha kuku, na wifi yangu anachochea eti nimeolewa na mahindi, nimezificha chini ya kitanda na kila mume wangu akiinama kuvua viatu moyo unanipasuka, je, nimwachie azisage ili tupate amani?

Mke wa Mahindi

Mke wa Mahindi, pole, lakini mumeo ana haki ya kununa. Upepo umechukua vumbi la maua ya mahindi yako ukalimwaga kwenye ndevu za mahindi yake. Wewe mkulima mzima, ulidhani upepo unajua mpaka? Muombe radhi, tena bila kuweka “lakini”. Hayo ya madoadoa hayana sumu, sageni mle.

Vumbi lake nalo limeingia kwako, kwa hiyo panda akiba ya msimu uliopita. Safari hii subiri wiki nne baada ya mumeo kupanda, maua yasikutane, na mbegu uzitoe kwenye mahindi mengi ya katikati ya shamba lako, si kwenye hindi moja lililokupendeza.

Ila kuzisaga, hapana! Shamba la aina moja likipata ugonjwa linalala lote, ndiyo maana hata watafiti wa mbegu wanahangaika kutafuta mahindi kama hayo wapate kuzalisha aina mpya. Zikiisha kwako, hakuna duka utakalozikuta.

Zitoe chini ya kitanda leo, unafuga panya. Wifi mpe kibaba apande kwake, maana ni za mama yake pia, na jirani mpe kingine. Zilizobaki ziweke mezani, umwambie mumeo: “Baba watoto, hizi ni za mama yako. Mimi sizipeleki mashineni. Ukitaka ziishe, zipeleke mwenyewe.”

Halafu nyamaza. Usimsaidie kujibu.