Wadudu Juu ya Paa la Cortina

Alhamisi, Aprili 1989

Mimi mwenyewe ndiye niliyewasha ile taa! Mvua ilinyesha mchana kutwa, praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga chuma, ikakataa kukauka, nikadhani joto la balbu litasaidia.

Niliporudi kutoka kula, wadudu wa ziwani walikuwa wamejaa karakana kama moshi. Paa lote la gari, ile Cortina, lilikuwa limeota manyoya: wadudu walionaswa kwenye praima mbichi.

Kama ingekuwa rangi tu, ningepiga msasa niendelee. Lakini hapo nabandika vinili mpya, ile ngozi ya plastiki ya kufunika paa, na vinili haifichi kitu. Hata punje ya mchanga huonekana kama kipele.

Mzee Okelo, mwenye gari, akaja wakati huohuo. Nikasimama mlangoni asiingie.

"Imekauka, fundi?"

"Inakauka, Mzee."

"Mama yake msichana wangu alipelekwa harusini kwa gari hii. Jumamosi ni zamu yake."

Alipoondoka, nikafuta praima yote kwa thina ya kuyeyushia rangi, wadudu na kila kitu.

Sasa chuma kiko wazi. Nikiwasha taa nipake upya, watarudi. Nikingoja asubuhi, kwa unyevu huu, kutu...

Naandika kwa kibatari, mlango nimefunga. Mvua imeanza tena kwenye mabati.