Régulateur Yako Ilikwenda na Kwaya

Yaya Béatrice,

Nakuandikia nikiwa bado na hasira, na sitaomba msamaha kwa hilo. Wewe ndiye dada mkubwa, utanisikiliza.

Firigo yako iliungua siku ya kilio chako. Ndiyo, ileile ya kugandishia samaki wako wa sokoni, iliyolisha nyumba hii ya Kikula tangu mume wako afariki. Haikufa kwa uzee. Iliunguzwa na wale waliokuja kukulilia.

Kwaya ilifika na amplifier na spika mbili zenye kimo cha mtu. Shemeji Floribert, mdogo wa mume wako na kiongozi wao, akaona régulateur yako, kile kisanduku cha kutuliza umeme wetu huu unaopanda na kushuka unavyotaka. Akachomoa firigo, akachomeka amplifier yake hapo, na firigo akaichomeka moja kwa moja ukutani. Hakumuuliza mtu. Mimi nilikuwa kwenye mkeka na wanawake, nalia, sina habari. Umeme ukakatika wakati wa chakula. Uliporudi, ulirudi kwa nguvu, taa ya sebuleni ikawa nyeupe kabisa. Amplifier ikapona. Mota ya firigo ikafa.

Ungekuwepo, asingethubutu. Kila umeme uliporudi, wewe ulituzuia: "Muache kwanza. Taa haiyatulia." Tukakaa tukiitazama balbu kama mgonjwa, mpaka rangi yake ikuridhishe, ndipo ukawasha vyombo. Tulikucheka sana, Yaya.

Samaki wakaanza kulainika. Ikabidi tuwakaange wote kabla hawajaoza, na waombolezaji wakala, wakasifu ukarimu wa marehemu. Ukarimu gani? Walikula mtaji uliomwachia mwanao Mireille huku wakilamba vidole. Na kwaya walipofunga vyombo vyao, wakaifunga na régulateur. Tulipoiulizia tukaambiwa imeharibika kwenye kilio kingine. Amplifier yao nzima mpaka leo, haina hata mkwaruzo.

Sasa Mireille ndiye anayekaa kwenye meza yako sokoni. Fundi alitia mota nyingine, akatuonya kwamba hii nayo ikiungua, firigo itabaki kabati tu. Nikaenda mjini kutafuta kinga. Muuzaji akaniwekea mbele multiprise, ule waya wa matundu mengi ya plagi, yenye taa nyekundu. "Iyi inakinga byote, mama," akasema. Nikamuuliza umeme ukishuka na kukaa chini itafanya nini. Akanionyesha taa nyekundu. Nikamuuliza mbona plagi yake haina hata mahali pa waya wa ardhi. Akanionyesha tena taa nyekundu. Nilitamani kumchomeka yeye ukutani. Kitu kile labda kingeokoa televisheni na mshtuko mmoja wa ghafla, lakini umeme wa kwetu hauji kushtua na kuondoka, unakaa kama mgeni asiyejua kuaga.

Nilizunguka maduka mpaka nikapata régulateur ya kweli, kubwa kuliko mahitaji ya firigo, kwa kuwa mota inapoanza huvuta umeme mwingi. Na hii, umeme ukirudi, haiupitishi mara moja. Inasubiri dakika chache kwanza. Siku ya kwanza nilipoiona ikisubiri hivyo, nilikaa chini nikalia. Ilikuwa inafanya kazi yako.

Juzi Floribert akaja kuiazima. Kuna msiba huko njia ya Kapolowe, akasema, na amplifier inahitaji ulinzi. Hakuona haya hata kidogo. Nilipokataa, akainua sauti majirani wasikie: "Kilio ni ya bantu bote. Weye unakatala?"

Nikamjibu: "Yaya alikufa mara moya, shemeji. Miye siwezi kumuzika tena."

Akaondoka akitangaza mtaa mzima kwamba nina roho ngumu. Na atangaze. Mireille aliendelea kupanga samaki wake, na jioni aliniletea yule mkubwa kuliko wote.

Nimeifunga régulateur ukutani kwa bolti, nyuma ya firigo. Nakuahidi hakuna mkono utakaoichomoa nikiwa hai. Na siku yangu ikifika, Mireille ameshaambiwa: kwaya waimbe kwa makoo yao.

Lala sasa, Yaya. Taa imetulia.

Mdogo wako,
Clarisse